Kahawa ya Mama Mkwe

Kila Jumapili baada ya misa, Adalbert Kalenga aliwachukua mkewe na binti yake, akaenda nao mjini kutazama Wazungu wakila. Wenzake wa Kamalondo, mtaa wa weusi, walikwenda mpirani, au pombeni, au walilala. Yeye alikuwa na hoteli yake kwenye barabara kuu ya Élisabethville, yenye viti vya nje na miavuli ya rangi, na ng'ambo ya barabara alikuwa na mti wake, ambapo mtu mweusi aliweza kusimama kidogo bila kuulizwa, mradi amefunga tai. Tai alikuwa nazo mbili.

"Angalia mukono," alisema kwa sauti ya chini, bila kunyoosha kidole. "Furshet iko kushoto, kisu kuume. Anakata kidogo, anatia mu kinywa, anafunga kinywa. Musikie: hakuna kelele."

"Tutasikia namna gani, na motokari zote hizi?" aliuliza Constance, mkewe. Viatu vya kisigino vilikuwa vinambana tangu kanisani.

"Papa," alisema Agnès, ambaye alikuwa bado hajang'oa meno yote ya utoto, "juu ya nini ule mama anaacha nyama mu sahani?"

"Njo civilisation. Muntu mwenye anamaliza sahani yote ni mushenzi."

"Sasa ile nyama atapelekea nani?"

Askari mweusi alikuwa anavuka barabara akiwajia, kofia yake nyekundu imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Nyie munatafuta nini hapa?"

"Tunapumzika, shefu."

"Mukapumzike kwenu Kamalondo. Bazungu habakulake muzuri kama bantu banabahesabia matonge."

Adalbert, karani wa bohari, aliyesoma kwa mapadri, mwenye mwandiko uliosifiwa na meneja mbele ya watu, akamvulia kofia askari asiyejua kusoma jina lake mwenyewe. Akasema merci. Kisha akaiongoza familia yake nyumbani kwa miguu, na njiani kote alikuwa ameridhika, maana siku hiyo alikuwa amejifunza jinsi kitambaa cha mezani kinavyokunjwa.

* * *

Mwaka ule wa hamsini na tatu serikali ilikuwa ikitoa kadi kwa weusi waliokwisha kustaarabika, walioitwa évolués. Mwenye kadi aliweza kupita mji wa Wazungu usiku bila kibali, na ilisemekana kwamba ataweza hata kukaa kwenye viti vya hoteli. Lakini kadi haikutolewa hivi hivi. Tume ilikuja nyumbani kwako kuona unakulaje, mkeo ameketi wapi, watoto wanalala juu ya nini. Watu wazima wenye mishahara mikubwa waliingia hadi chooni kwa karani, wakanusa, wakatoka wakitikisa kichwa au wakitabasamu. Na makarani walisimama kando wakingoja pua ya Mzungu iamue.

Adalbert aliitaka kadi ile kuliko alivyowahi kumtaka Constance. Alinunua meza, viti vinne, sahani za kauri, uma na visu. Kuanzia hapo bukari la nyumba ile, ugali wa kila siku, lilikatwakatwa kwa kisu vipande vya pembe nne, likachomwa kwa uma, likaanguka, likachomwa tena. Mchuzi wa samaki ulimiminika kwenye kitambaa. Kuongea ilikuwa marufuku, kulamba kidole ilikuwa kosa, na mlo ulipomalizika kila mmoja aliinuka na njaa yake kamili.

Baada ya hapo mama na mtoto waliteleza uani, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye kijumba cha jikoni. Kule kulikuwa na bukari la moto na sombe ya majani ya muhogo, na mikono ya kulia. Adalbert aliwasikia wakicheka, akajifanya anasoma gazeti. Asidhaniwe kuwa shujaa wa njaa: yeye alishiba kazini, kwa mikate ya kukaangwa aliyoinunua kwa mama mmoja nyuma ya bohari, akaila kwa vidole huku ameupa ukuta uso.

Jikoni kule alitawala Numbi, mama yake Constance. Alikuja kutoka Kongolo, kaskazini, mimba ya Constance ilipoharibika, akamkanda bintiye, akamlisha, akamrudisha kwenye uhai, na hakuna aliyemwambia arudi kwao. Na kwao, Waluba wa kule, mtu na mama mkwe wake hawachezi. Mkwe hatamki jina lake. Hawatazamani usoni. Zaidi ya yote, hawaonani wakila. Bora mtu aonekane uchi. Kwa hiyo Numbi alikaa upande wake wa ua na Adalbert upande wake, na wakipishana, yeye alijifunika uso kwa kitenge na Adalbert aliangalia bati la jirani. Kila mlo, kabla ya mtu yeyote kugusa chakula, sahani ya kwanza ilijazwa, ikapelekwa kwa Numbi. Hata Adalbert na uma wake hakuthubutu kuigusa desturi hiyo, kwa siku za kawaida.

"Siku ya Tume," alimwambia mkewe, "mama yako aende kwa jirani. Kwa Mutale. Ashinde kule mupaka bazungu baende."

"Anafanya nini mama yangu?"

"Hafanye kitu. Lakini anaikala chini, anakula na mikono, anavuta tumbaku. Bataandika: famille élargie. Banasema muntu mwenye kukaa na bukoo yote haiko évolué."

"Na kuku atapika nani? Miye nitakuwa mezani sawa madame. Kuku itajipika?"

Hilo Adalbert hakuwa amelifikiria. Jumapili zote zile chini ya mti aliona chakula kikitoka mlangoni mwa hoteli kikiwa tayari, na hakuwahi kujiuliza nyuma ya mlango kuna nani. Akafikiri, akakuna kidevu, akaamua: Numbi abaki jikoni, apike, afunge mlango, asitoke kwa lolote. Constance akanyamaza. Alinyamaza mara nyingi mno mwaka ule, huyu Constance, na kunyamaza kwake ndiko kulikompa mumewe nguvu.

* * *

Tume ilikuja Jumamosi mchana. Walikuwa watatu: Bwana mmoja mnene aliyehema mlangoni, Madame aliyevaa glavu katika joto lile, na mweusi mmoja, Clément, Mluba wa Kasai, mfanyabiashara ambaye kadi alikuwa nayo tayari na sasa alitumiwa kuwapima wenzake. Clément alikuwa na suti nzuri kuliko ya yule Bwana, na alitembea nyuma yake.

Mambo yalikwenda vizuri. Choo kilinukia dawa. Kitanda kilikuwa na shuka, mtoto alikuwa na chumba chake, na ukutani kulikuwa na Moyo Mtakatifu upande mmoja na mfalme upande wa pili. Mlango wa jikoni Bwana aliukuta umefungwa, akasikia kuku akinukia vizuri, akaridhika. Kisha wakaitaka familia iketi kula kama kawaida, wasijali wageni.

Wakaketi. Adalbert akakunjua kitambaa. Constance akaweka paja la kuku kwenye sahani ya kila mmoja. Madame alisogeza kiti cha nne karibu, akaweka miwani, akatazama midomo yao.

Agnès hakuchukua uma. Alitazama meza, akamtazama mama yake, akangoja. Aliona chakula kimegawiwa na sahani ya kwanza haijatoka nje. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba leo adabu imelala. Basi akafanya kile ambacho mtoto aliyelelewa vizuri hufanya wakubwa wanaposahau: akashuka kitini, akaishika sahani yake kwa mikono miwili, akaelekea mlango wa nyuma.

"Mtoto anakwenda wapi?" aliuliza Madame, kwa Kifaransa.

Adalbert alikuwa ametia nyama kinywani. Hakuruhusiwa kusema na chakula kinywani, kwa hiyo alikuwa na muda wa kufikiri, wote ule wa kutafuna na kumeza. Asije mtu akasema alikurupuka.

"Anampelekea mtumishi wetu, Madame," alisema. "C'est notre bonne."

Uma wa Constance ukagonga sahani.

Madame alifurahi kupita kiasi. Akamgeukia Bwana. Umeona? Mweusi mwenye mtumishi, na mtumishi anakula nyama ileile ya mabwana! Huu ndio ustaarabu wa moyo. Akataka kumwona. Akataka alete kahawa. "Anaitwa nani?"

Na hapa Adalbert alikwama. Jina la mama mkwe halitamkwi. Alikuwa amemuuza tayari, lakini jina lake aliogopa kulitamka. Kipande hicho kidogo cha mila alikihifadhi kwa uaminifu mkubwa. Akageukia ua, akapaza sauti:

"Boyi! Leta kahawa!"

Jikoni sahani ya Agnès ilisikika ikiwekwa chini. Adalbert akaita tena, "Boyi!" na nyuma ya ua Mutale, jirani yao Mbemba, akaacha kutwanga.

Numbi alikuja. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani hadi kidevuni, na kwa kuwa ndani kulikuwa na mkwe anayekula, aliingia kinyumenyume, akitafuta sakafu kwa kisigino, vikombe vikigongana juu ya sinia. Hakumwaga tone. Akaweka sinia mezani bila kugeuka, kwa mikono iliyopinda nyuma, akabaki ameupa mlo ule mgongo, akingoja.

"Mbona anatembea hivyo?" alicheka Madame.

"Bado ni mtu wa porini, Madame. Ana haya."

Clément wa Kasai aliangalia viatu vyake. Kasai nako wana wakwe, na alijua vizuri kabisa mwanamke anayeingia kinyumenyume ni nani. Akainua kikombe, akanywa kahawa ya mwanamke yule, akasema kwa Kifaransa safi kwamba ni kahawa nzuri sana.

* * *

Jioni ile Numbi hakulia wala hakufunga mzigo, na hilo lilimtisha Adalbert kuliko kilio. Alikaa nyuma ya ukuta wa jikoni, upande asioonekana, akamtuma bintiye kwa sauti ambayo hata Mutale aliisikia.

"Constance, ambia mwenye nyumba. Miye sitaki mbuzi yake. Sitaki kitenge. Aniambie pole mu giza, sitaki. Pale alinitia boyi, njo pale atanitoa. Siku anapata ile kadi yake, mbele ya bale bazungu, aseme: ule ni mama ya bibi yangu. Ile tu."

"Mama, atasema."

"Hujaulizwa weye. Aulizwe yeye."

Constance akaingia ndani. Adalbert alikuwa mezani, mbele ya mabaki ya kuku.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Nitasema. Lakini kwanza banipe kadi. Nikisema leo, banakataa. Wakati iko mu mukono, haitoke tena. Unaelewa, bibi? Nitasema."

"Unaapa?"

"Naapa kwa Bikira Maria."

Constance alimwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi. Aliosha viatu vya kisigino, akavipaka rangi upya. Kadi ilihitaji mke pembeni siku ya kuitoa, na yeye alikubali kwenda kwa neno moja tu analokwenda kulisikia. Numbi naye aliendelea kupika. Mlango wa jikoni sasa aliuacha wazi.

* * *

Walitoa kadi baada ya misa, katika ukumbi wa makarani, chini ya bendera. Weusi waliostaarabika walipangwa mstari kwa urefu, kama watoto wa shule siku ya kupimwa chawa. Kila mmoja aliitwa, akainama, akapewa, akapigiwa makofi kidogo. Wake walikaa upande wao na soksi ndefu. Agnès alishika mkono wa mama yake, na alikuwa ameambiwa asikilize vizuri, apate kumsimulia nkambo wake Numbi.

Adalbert aliitwa. Akainama kuliko wote. Kadi ikaingia mkononi mwake, ngumu, na picha yake mwenyewe ikimtazama.

Na kama vile mtu aliyetumwa kumrahisishia kazi, Madame wa glavu akasogea, akitabasamu. Alimkumbuka. Alikuwa amewasimulia marafiki zake wote.

"Na yule mtumishi wenu mwema? Yule mwenye haya?"

Ukumbi haukuwa na kelele. Constance alisimama. Kadi ilikuwa tayari mfukoni, hakuna ambaye angeitoa tena. Adalbert alibakiwa na kufungua kinywa tu, na neno lenyewe alilijua kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Alimwona mkewe. Alimwona mtoto, ametega sikio. Kisha akaona meno ya Madame, na furaha ile ya Madame akaionea huruma asiiharibu.

"Hajambo, Madame," alisema. "Anawasalimu sana."

Clément alimpa mkono wa pongezi, akamwinamia sikioni. "Usiogope, ndugu. Miye, mama mukwe ya kwangu nilimufungia mu choo." Akacheka kwa pua, akaenda kwa mwingine.

Alipogeuka, Constance alikuwa amekwisha kutoka na mtoto. Adalbert aliwaona mbali barabarani, mama amevua viatu, ameviweka kwapani, anatembea peku katikati ya mji wa Wazungu. Aliona aibu. Aliwaonea aibu wao. Akashika njia ya upande wa pili, hadi hotelini kwake, na leo hakusimama chini ya mti. Alivuka barabara.

Mwenye hoteli, Mgiriki mwenye jasho, aliichukua kadi, akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha kwa heshima zote.

"Muzuri sana," alisema. "Dirisha ya bantu iko nyuma."

* * *

Nyumbani meza ilikuwa imeandaliwa. Sahani moja, uma kushoto, kisu kulia, kitambaa kimekunjwa sawasawa kama alivyofundisha. Kiti kimoja. Vile vingine vitatu havikuwepo. Nyuma ya kiti alisimama Constance, peku, mikono nyuma, kidevu juu, kama walivyosimama wale wa hotelini Jumapili zote zile.

"Chakula iko tayari, patron."

"Unafanya nini? Leta kiti, ikala."

"Mutoto wa boyi haikalake na patron."

"Constance. Acha muchezo."

"Patron anataka chumvi?"

Kutoka jikoni zilikuja kelele za watu wanaokula: Mutale akisimulia kitu, Agnès akicheka, vyombo vikipita mkono kwa mkono. Adalbert alikuwa na njaa ya tangu alfajiri, na ghafla njaa ile haikuwa ya kuku. Alitaka tonge. Alitaka kuketi kwenye kigoda, apakae mchuzi vidoleni, mtu amtanie. Akasukuma kiti, akavuka ua na tai yake shingoni, akafika kwenye mlango ule uliokuwa wazi.

Numbi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mezani, tonge mkononi. Alipouona mguu wa mkwe wake kizingitini, hakumtukana wala hakugeuka kwa hasira. Aliweka tonge chini na kujifunika uso kwa kitenge, taratibu, kwa adabu yote ambayo mama mkwe anampa mkwe wake. Mikono ya wengine ikasimama juu ya bukari. Mtoto pia aliacha kutafuna. Wote walingoja aondoke ili mzee apate kula.

Angeweza kusema lile neno sasa. Bado angeweza. Alisimama pale, akagusa mfuko wa kadi, akasema "Mukule muzuri," akarudi ndani.

Constance alimpakulia. Alimhudumia bila kosa. Adalbert alikata kidogo, akatia kinywani, akafunga kinywa, na katika nyumba ile yote hakukuwa na kelele, kama alivyotaka. Mwishoni aliacha kipande cha nyama kwenye sahani, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

Constance akaiondoa sahani. Agnès alikuwa amefika mlangoni, akakiona kile kipande.

"Mama, hii tupelekee nkambo?"

"Hapana," alisema Constance. "Nkambo hakulake mabaki ya bantu. Tupia mbwa wa Mutale."

Agnès akaichukua sahani kwa mikono miwili, akatoka nayo.